Bustani ya mawe niliyofinyanga mwenyewe: uzoefu wangu baada ya miezi minane

Niseme mapema: jiwe langu la kwanza lilikuwa aibu. Nilijaza mchanganyiko wa saruji kwenye ndoo kuukuu, ukashika, nikapindua, ikatoka ndoo nyingine, ya saruji. Mgeni aliyepita aliniuliza mbona nimesahau ndoo bustanini.

Kilichoniokoa ni shimo. Unachimba udongoni bila kunyoosha kingo, unaacha mizizi na vijiwe vitokeze, unamwaga mchanga mkavu kidogo ndani, kisha unashindilia mchanganyiko humo humo. Palipovimba kwenye shimo, jiwe linabonyea, na hakuna mawili yatakayofanana.

Vipimo vilivyonifaa ni saruji kopo moja, vumbi la makumbi ya nazi kopo moja na nusu, na perlaiti (zile chembe nyeupe nyepesi za watu wa vitalu) kopo moja na nusu. Maji tia kidogo kidogo. Ukikamata donge ukalikamua, yatoke matone mawili matatu tu na donge libaki na umbo lake. Jiwe linakuwa jepesi kuliko unavyodhani. Yangu mengi nayabeba peke yangu. Makubwa niliyatia wavu wa kuku katikati yasipasuke. Vaa glavu, tafadhali, na barakoa unapomimina saruji kavu. Siku moja nilichanganya kwa mikono mitupu, vidole vikachubuka wiki nzima.

Siku ya pili ndiyo tamu. Jiwe limeshika lakini bado linakubali kukwaruzwa, basi unalifukua na kulipitishia brashi ya waya, na kwa ncha ya msumari unachora mipasuko. Brashi inang'oa zile chembe nyeupe za juu na kuacha vitundu vitundu, na hapo ghafla unaona jiwe.

Baada ya hapo ni kungoja, na hapa ndipo ninapoipunguzia nyota moja njia hii. Jiwe lifungwe kwenye nailoni likiwa na unyevu, wiki nne, maana saruji hupata nguvu kwa maji, si kwa jua. Mimi sikungoja. Nilipanda mapema kwenye vishimo nilivyoacha kwenye mawe, na majani yakageuka manjano yote: saruji mbichi ina alkali kali, pH yake (kipimo cha asidi na alkali) inapita 12, na mmea unashindwa kufyonza madini ya chuma. Siku hizi nayaloweka kwenye pipa na kubadili maji mara kadhaa kabla ya kupanda chochote.

Kupanga nako kuna siri. Mara ya kwanza niliyaweka juu ya udongo tu, yakaonekana kama yamedondoka kutoka kwenye lori. Nikayang'oa, nikazika theluthi ya kila jiwe, mipasuko yote ikielekea upande mmoja, na kila jiwe likiinama nyuma kidogo ili mvua iteremkie mizizini. Hata jirani yangu, mgumu wa kusifu, aliuliza nimeyachimba wapi.

Ule ushauri wa kupaka maziwa yaliyoganda ili jiwe liote ukoga haraka? Kwangu ulileta sisimizi. Ukoga ulikuja wenyewe, upande wa kivuli, mwezi wa sita tangu nianze.

Lile la ndoo nililivunja kwa nyundo. Vipande vyake viko chini ya tuta, vinapitisha maji.