Vidonge vya utamu badala ya sukari, na stevia, uzoefu wangu wa miezi nane (tunaishi na mgonjwa wa kisukari)

Nyumbani kwetu Chuno, hapa Mtwara, sukari ilikuwa inatiwa humohumo kwenye sufuria ya chai, wote tunakunywa tamu ileile na hakuna anayejua kala vijiko vingapi. Mama alipogundulika ana sukari mwaka jana ndo nikaanza kupima, nikakuta kikombe kimoja ni vijiko vinne na mi nakunywa vikombe vitatu kwa siku, kijiko cha chai kina kama gramu 4 kwahiyo hapo tayari ni gramu 48, na soda ya mchana bado, maana soda moja ya mililita 350 nayo ina gramu 35 na zaidi. Shirika la Afya Duniani wanasema sukari za kuongezwa zisizidi asilimia 10 ya nguvu unayopata kwenye chakula cha siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima, na ukishuka mpaka 25 ni bora zaidi. Na asali imo kwenye hesabu hiyo, wengi wanajua asali ni dawa tu.

Basi tukaamua sukari itoke ndani yote, mama asijisikie katengwa. Nikanunua vidonge vya sukralozi (kitu cha kutia utamu ila siyo sukari) famasi moja mjini, kopo la vidonge 300 kwa shilingi 9,500, kidonge kimoja kinashika nafasi ya kijiko kimoja. Kwa chai ya rangi yenye tangawizi na mchaichai huwezi kujua tofauti, kwa chai ya maziwa utamu unabaki mdomoni muda mrefu kidogo ila unazoea. Hesabu yake ni kama shilingi 32 kwa kidonge, wakati kijiko cha sukari ya kawaida kilo ikiwa 3,000 ni shilingi 12, kwahiyo ni ghali ila inavumilika.

Stevia hapana jamani. Niliagiza Dar ikaja na basi, boksi la pakiti 50 kwa 12,000, nimeambiwa ni ya asili inatokana na majani, na kweli mmea wenyewe asili yake Paraguay na huo utamu wake unafika mara 200 mpaka 300 ya sukari. Sasa kwa utamu wote huo pakiti nzima ya gramu 1 imejaa nini? Nikageuza boksi nikasoma yale maandishi madogo, kitu cha kwanza kimeandikwa dekstrozi, na dekstrozi ni glukosi, ni sukari. Kidogo sawa, haifiki hata gramu moja, lakini mi nimetoa shilingi 240 kwa pakiti na mama anaweka mbili mbili akijua hamna kitu humo. Iliniuma sana. Halafu ina uchungu fulani unakuja mwishoni kama umetafuna mzizi. Ukinunua soma nyuma, wanachotanguliza kuandika ndo kilichojaa zaidi.

Kwenye mapishi pia nilijaribu. Vitumbua havikupiga rangi na viliumuka kidogo tu, hamira inapenda sukari yenyewe na hivi vitu haivili. Visheti ndo usijaribu kabisa, shira haipatikani.

Ila kilichonifanya niandike ni cha mwezi wa pili. Mama anachoma insulini, sindano ya kushusha sukari kwenye damu, siku hiyo alichoma asubuhi halafu akala mhogo vipande viwili tu akasema hana hamu. Saa tano mdogo wangu akamkuta anatetemeka, jasho jembamba, anaongea maneno hayaeleweki. Mdogo wangu anajua kabisa kwamba sukari ikishuka mgonjwa anapewa kitu kitamu, akakimbia jikoni akakoroga chai na vidonge vitano akamnywesha. Dakika zinaenda mama hali ileile, anazidi kulegea. Alivyonipigia nikamuuliza umempa nini, aliponijibu nikahisi miguu imeisha nguvu, kwa sababu vile vidonge ni vitamu ulimini tu, kwenye damu havipandishi kitu. Na sukari ndani HAIKUWEPO, tuliitoa wenyewe. Akaruka kwa mama jirani akapata sukari, vijiko vinne kwenye nusu glasi ya maji, mama akanywa, kama robo saa hivi akaanza kutuelewa. Mashine ya kupimia sukari ilivyosoma kabla ya ile sukari ilikuwa 3.1 (mmol/L), na chini ya 4 tayari ni hatari.

Kliniki nesi akatuambia tulichofanya wengi wanafanya, na akatufundisha: vijiko vitatu vinne vya sukari halisi au soda ya kawaida (siyo ile isiyo na sukari) nusu glasi au zaidi kidogo, subiri dakika 15, pima tena, ikiwa bado rudia, ikipanda ale chakula. Na kama kapoteza fahamu usimtie kitu mdomoni, atapaliwa, mkimbize hospitali. Kwenye makopo yale niliyonunua hakuna hata moja lililoandika haya.

Kwa upande wangu mi mwenye afya vidonge nimeacha. Nilikuwa nategemea nipungue, lakini mwaka 2023 hao hao Shirika la Afya Duniani walitoa mwongozo kwamba hivi vitu visitegemewe kupunguza uzito, ingawa mwongozo huo hauwahusu wenye kisukari, na mi niliona hamu ya tamu iko palepale. Nikaanza kutoa nusu kijiko kila wiki mbili, sasa niko kijiko kimoja, na jioni badala ya vitumbua tunakula ming'oko (mizizi ya porini ya huku kwetu) ya chumvi na pilipili au korosho za kukaanga, chai ya namna hiyo haidai sukari nyingi.

Mama anaendelea na vidonge vyake viwili kwa kikombe na ameridhika, hivyo nitaendelea kununua. Stevia ya pakiti sinunui tena. Na robo ya sukari ipo kwenye kopo la maziwa pembeni ya kitanda chake, mdogo wangu kaiandika kwa makapeni YA MAMA, na watoto wote wa ndani wameshaonyeshwa ilipo.