Fizio wa kuja nyumbani, Kisauni

Wazazi wenzangu wenye watoto wa mtindio wa ubongo, huyu dada wa fizio, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, mi nampa nyota tano, maana kupanda matatu na mtoto misuli imekaza kwa hili joto la Mombasa ni mateso kwake. Haji kunyoosha miguu tu aende zake, anatumia mkeka na stuli yetu, mtoto anafanya mwenyewe, kuinuka, kushika kikombe, hata nyanya yake kafunzwa kumkalisha wima wakati wa kula asipaliwe. Hakutudanganya atapona, alisema wazi jeraha la ubongo haliondoki ila kurudiarudia kila siku kunasaidia sana. Bei iko juu kidogo, na foleni ya Nyali humchelewesha. Mwombeni aje asubuhi, mtoto hajachoka.