Dawa za asili za hoho: ipi ununue kwanza ukiwa Nyanda za Juu Kusini

Kabla hujatoa hela, geuza jani. Majani machanga yakijikunja kuelekea juu, hao mara nyingi ni vithiripi, wadudu wembamba wadogo sana. Yakijikunja kwenda chini na kukakamaa, ni utitiri. Jani linalonata huku sisimizi wakipanda na kushuka kwenye shina lina vidukari, na tobo kwenye tunda karibu na kikonyo ni la kiwavi. Hakuna chupa inayowamaliza wote, ila ipo ya kuanza nayo.

1. Mafuta ya mwarobaini

Kama una hela ya chupa moja tu, chukua hii. Inawafikia vidukari, inzi weupe, vithiripi na viwavi wadogo. Haiui papo hapo: mdudu anaacha kula na anashindwa kujibadili ngozi, hivyo subiri siku tatu nne kabla ya kusema imeshindwa.

Kwa bomba la lita 15 pima mililita 75 za mafuta, yaani vijiko vikubwa vitano, na kijiko kikubwa kimoja cha sabuni ya maji. Koroga mafuta na sabuni kwanza kwenye maji ya uvuguvugu kidogo mpaka yawe meupe kama maziwa, ndipo ujaze bomba. Ukiruka hatua hiyo mafuta yanaelea: mimea ya mwanzo inapata maji matupu, ya mwisho inaungua. Nyunyiza jioni, chini ya majani, rudia kila baada ya siku saba. Mchanganyiko usilale.

Dukani, iwe Mwanjelwa au Makambako, soma lebo: kiasi cha azadiraktini (kiini cha mwarobaini kinachodhuru wadudu), tarehe ya kuisha na namba ya usajili ya TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu. Kama lebo yake inataja kipimo tofauti na hiki, fuata lebo. Acha chupa angavu iliyokaa juani dirishani, kwani jua linaua nguvu ya dawa. Mafuta yaliyoganda mwezi wa Juni au Julai hayajaharibika. Ni baridi ya Uyole na Njombe tu. Tumbukiza chupa kwenye maji ya uvuguvugu, siyo yanayochemka.

2. Sabuni

Ni rahisi kuliko zote, na kwa vidukari na utitiri inafanya kazi kweli. Mililita 10 za sabuni ya maji isiyo kali kwa lita moja ya maji zinatosha. Inaua mdudu aliyelowa tu, ikikauka, imekwisha. Jaribu kwenye mche mmoja, ukae siku moja uone. Sabuni ya unga ya kufulia isiguse hoho, inaunguza kingo za majani.

3. Bakteria wa Bt

Bt ni kifupi cha Bacillus thuringiensis, bakteria anayeua viwavi wakimla. Hii ni ya viwavi peke yake. Kiwavi lazima aile, kwa hiyo ipigwe akiwa mdogo, bado yuko nje. Akishaingia ndani ya tunda umechelewa, chuma tunda hilo ulifukie. Muulize muuzaji ameihifadhi wapi. Iliyokaa kwenye duka la bati lenye joto usiinunue.

4. Pareto

Maua yake yanalimwa kwetu na kuchakatwa Mafinga, na inaangusha mdudu kwa dakika chache. Tumeiweka ya nne kwa sababu haichagui: inaua nyuki na wadudu wanaokula vidukari, kisha jua linaimaliza haraka na vidukari wanarudi wakikuta adui zao hawapo. Iwe ya dharura, jioni, nyuki wakishalala, mbali na bwawa la samaki. Na angalia usiuziwe saipamethrini kwa jina la pareto. Hiyo ni kemikali ya kiwandani, na shamba lako halitahesabika tena kuwa la kilimo hai.

Mitego ya njano

Haimalizi wadudu, inakuonyesha wameanza lini. Usinunue kama una kidumu cha njano cha mafuta ya kula: kipake grisi, kining'inize juu kidogo ya mimea, ukikague kila baada ya siku mbili.

Usinunue kabisa

Maji ya tumbaku, hata yakija bei poa kutoka Chunya. Nikotini ni sumu kwa anayenyunyiza, na tumbaku ni ndugu wa hoho: inaweza kukuletea batobato, ugonjwa wa virusi ambao hauna dawa. Anayevuta sigara anawe mikono kwa sabuni kabla hajagusa miche.