TAHADHARI: Anayeuza "Kubota D902 turbo, farasi 50" kwa wanaojenga pikipiki za dizeli, msimtumie hata mia

Wakuu habari zenu. Nimekaa na hii kitu wiki tatu, ile wiki ya kwanza ningeandika matusi matupu, saa hizi angalau naweza kueleza. Kuna jamaa yuko Dar anauza injini ndogo za dizeli za mtumba toka Japani kwa watu wanaotengeneza pikipiki za dizeli, boti na vitrekta. Tangazo lake linasema "Kubota D902 turbo, farasi 50, haijaguswa na fundi" (farasi ni kipimo cha nguvu ya injini, turbo ni kile kifeni cha kuisukumia injini hewa zaidi). Mimi amenipiga milioni tano na laki mbili, na tangu nianze kuulizia nimeshapata wengine wawili, mmoja yuko Mwanza yeye alitaka ya boti. Jina silitaji, na hata nikitaja halisaidii kitu maana kila mtu kapewa lake, mimi nimepewa moja, wa Mwanza jingine, laini ya kupokelea hela inasoma jina la mwanamke ambaye hakuna anayemjua. Ila staili yake ni ileile kwa wote watatu kwahiyo nitaeleza staili.

Najua kuna watakaouliza pikipiki ya dizeli ya nini. Ni ugonjwa tu. Wahindi walishauza Enfield ya dizeli kabisa, ile Taurus ya cc 325, ina kama farasi sita na nusu, inatembea kama trekta lakini mafuta inanusa tu. Wanajeshi wa Marekani wale Marines wamewahi kuwa na ya kwao imejengwa juu ya Kawasaki KLR650, walichotaka ni jeshi zima libebe mafuta ya aina moja. Waholanzi nao waliunda moja na injini ya kigari cha Smart. Sasa mimi nilipata BMW R80GS kwa mzungu mmoja aliyetoka kwao kwa barabara, injini ikamfia huku Moshi akaona bora aiuze akapande ndege. Wanaoijua hiyo pikipiki wanajua giaboksi yake imekaa peke yake nyuma ya injini, klachi kavu kama ya gari, halafu inaenda na shafti hakuna mnyororo. Yaani imekaa kama imeomba yenyewe ifungiwe injini ya dizeli.

Nikapiga hesabu zangu. Hizi Kubota ndogo zinaishia mizunguko 3600 kwa dakika, huwezi kuipeleka elfu saba kama petroli, kwahiyo bila kubadilisha difu ya nyuma, yaani gia za kwenye gurudumu, utakuwa unalia na themanini, tisini. Nikaagiza difu ya R100 yenye meno 32 kwa 11, hapo gia ya tano inanipa kama kilomita 100 kwa saa na injini haijapiga kelele za kufa. Kilichobaki kilikuwa nguvu. D902 ya kawaida ina cc 898 na farasi kama 25, ndiyo ileile iliyoko kwenye Kubota RTV900, vile vigari vya shambani. 25 inatembea, ila mimi nilitaka pikipiki ya kupandisha Lushoto na mtu nyuma bila kuona aibu. Ndo nikakutana na hilo tangazo la farasi 50.

Hapa nijitukane mwenyewe kabla hamjanitukana. Ile injini ya dizeli ya Smart ni cc 799, imetoka kiwandani na turbo na komon reli (mfumo wa kisasa wa kupuliza mafuta) na kompyuta yake, na ilivyoanza ilikuwa na farasi 41. Wajerumani wale. Halafu mtu wa Dar ananiambia Kubota ya pampu ya kawaida, haina hata kompyuta, kaifungia turbo godauni inatoa 50, na mimi namuitikia "safi sana kaka". Hesabu ya difu niliipiga mpaka kwenye nukta, hii sikuipiga. Mtu akishaipenda kitu kichwa kinajifunga chenyewe.

Nikapanda basi nikaenda. Godauni lina bati jipya, injini zimepangwa kama ishirini hivi, zote zimepakwa rangi moja ya bluu inayong'aa. Jamaa mpole, ananiita bosi, katuma kijana aniletee soda. Nimefika saa nne asubuhi na ile injini tayari imewekwa kwenye stendi, imeunganishwa betri na kidumu cha dizeli. Kabla sijamaliza salamu kijana kapiga stata, ikawaka mara moja, "tik" tu. Imetulia, haitoi moshi, haigongi. Nikaweka mkono pembeni ya bloku nikaona ya moto. Nikadhani ni moto wa pale pale. Wakuu, injini imewaka hata dakika moja haijafika, inakuwaje bloku iko moto kiasi cha kutoa mkono? Ilikuwa imeshawashwa na kupashwa kabla sijafika na mimi nimesimama hapo nakunywa soda.

Kuna kingine nilikiona nikakidharau. Kila kabla ya kuwasha, yule kijana alikuwa anapita nyuma na kitambaa kama anafuta vumbi kwenye tundu la hewa. Kulikuwa na harufu kama ya hospitali. Ile ni spreya ya kuwashia, ukiinyunyiza pale hata injini iliyokufa inaamka kama Lazaro. Nikauliza mbona inanuka dawa, jamaa akasema wanaoshea mashine zisiote kutu. Sawa.

Nililipa milioni tatu palepale kwa simu, mbili na laki mbili nikamalizia wakati inapakiwa kwenye kirikuu kwenda stendi ya malori. Risiti ya karatasi ya kuandika kwa mkono, "injini moja", basi. Haina aina, haina namba.

Imefika Moshi usiku. Asubuhi nimeamka mapema kama mtoto wa sikukuu, nimefunga betri, nimepasha hita plagi, zile za kupasha silinda kabla ya kuwasha, stata. Hakuna. Stata. Hakuna, moshi mweupe tu unatoka kama jiko la kuni mbichi. Mpaka betri ikaisha. Nikaenda kumchukua mzee mmoja jirani anatengeneza mashine za kusaga, huyu mzee kakaa na dizeli kuliko mimi nilivyokaa duniani. Kaja, nimempa shikamoo, hata hakugusa stata. Kachomoa kijiti cha oili, kakipindua, kasubiri. Oili haidondoki. Inaning'inia. Akasema, "mwanangu hii si oili ya injini, hii ya difu." Tumefungua nati ya chini inatoka taratibu kama asali ya nyuki wadogo. Wamejaza ile nzito ya 140, inaziba nafasi za ringi za pistoni zilizokwisha, inanyamazisha beringi zinazogonga, na ikishapashwa moto moshi nao unapungua kwa muda. Muda wenyewe ni wa wewe kulipa.

Hita plagi zipo tatu. Mbili zimekufa, ya tatu si plagi kabisa, ni bolti imesagwa ikaingizwa kuziba tundu na waya umebandikwa juu kwa gundi. Mzee akacheka mpaka akakaa chini.

Tukaweka oili ya kawaida tukapima kompresheni, yaani silinda inavyobana hewa, kwenye matundu ya hizo plagi. Hizi injini zinatakiwa ziwe karibu na bar 30. Yangu: 17, 16, 19. Kwa hiyo ni ovahoo, nikasema basi, bloku ni D902, nitatafuta pistoni na ringi nitaijenga upya, hasara ila kitu ninacho. Tukafungua silinda hedi. Nimechukua vanieri, kile kipimo cha milimita, nikapima upana wa tundu la silinda, imesoma 67. Nikafuta, nikapima tena, 67. La pili 67. D902 ni milimita 72 jamani. 67 ni D722, mdogo wake, cc 719, farasi 20 ikiwa mpya toka kwenye boksi. Kwa nje bila kuziweka pamoja wala usingejua, na ndo anachokichezea. Nikarudi kwenye kile kibandiko cha kifuniko cha juu kilichoandikwa D902 nikakikwangua kwa kucha, kikatoka chote mara moja, chini yake kuna alama ya mstatili ya gundi ya kibandiko cha zamani. Na pale kwenye bloku panapogongwa namba pamepigwa grainda pakapakwa hiyo bluu. Hili la namba ndo linaniumiza kuliko hela maana kadi ya pikipiki inabeba namba ya injini, hata ningeijenga ikawa nzuri naenda TRA, mamlaka ya mapato, kubadilisha kadi na nini, injini imefutwa namba? Si wanajua nimeiba.

Na turbo. Turbo yenyewe ni ya vile vigari vya Kijapani vya cc 660, ndogo kama chungwa. Nimeingiza kidole kuzungusha kile kifeni, hakizunguki. Kimeshika kutu, hakijazunguka miaka. Bomba la kuipelekea oili halipo, tundu limezibwa na silikoni nyekundu. Yaani hata ingekuwa nzima, turbo inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, bila tone la oili ingedumu kutoka Moshi mpaka labda Himo. Lile ni pambo, wangeweza kunifungia kengele ya baiskeli ingekuwa na faida zaidi.

Nimempigia simu. Mara ya kwanza mpole, "bosi umekosea kuwasha, dizeli inataka fundi". Nikamtumia picha ya vanieri. Kimya. Kesho yake, "mali ikishatoka haina marejesho, uliiona inawaka kwa macho yako". Ambayo kweli, niliiona. Baada ya hapo laini haipatikani. Nimekwenda polisi nimechukua RB, ile namba ya taarifa, yule wa Mwanza naye kachukua huko kwao. Askari aliniuliza mkataba, nikamuonyesha ile karatasi ya "injini moja", akanitazama kwa huruma.

Sasa kwa mnaotafuta injini kwa ajili ya hizi kazi, iwe kwake au kwa mwingine. Piga simu uwaambie unakuja na waambie kabisa isiwashwe, ukifika kitu cha kwanza ni mkono kwenye bloku, ikiwa ya moto au hata ya vuguvugu ondoka, au kaa hapo mpaka ipoe, kama ni saa tatu ni saa tatu, soda si wanatoa. Chomoa kijiti cha oili uangalie inavyodondoka. Ikishawaka fungua kifuniko cha kujazia oili ukilaze juu ya tundu lake kichwa chini, kikitulia au kutikisika kidogo sawa, kikianza kurukaruka na moshi unatoka ujue inapumua, ringi hamna. Geji ya kompresheni ya dizeli nunua yako, ya petroli haifai itakufa, muuzaji mwenye injini nzima hakatai kufungua plagi tatu. Kama haoneshi namba kwenye bloku usiongee bei. Na risiti iandikwe aina na namba ya injini, hili nililijua tangu zamani kwenye magari, sijui kwanini nilifikiri injini ya pikipiki ni kitu kingine. Nenda na fundi hata kama unajiona unajua. Mimi najijua, nilikuwa najua.

Na hizo farasi mnazotajiwa muwe mnazipigia hesabu. Injini ndogo ya dizeli ya mashine, haina kompyuta, imefungwa turbo mtaani, mtu akikutajia mara mbili ya nguvu za kiwandani muulize ni pampu gani inaleta hayo mafuta ya ziada na joto lake linaenda wapi. Zipo za turbo za kweli, kuna D1105-T ya Kubota wenyewe, cc 1123, na hiyo kwa ukubwa wote huo ni farasi kama 33.

Nimeitaja hiyo kwa sababu juzi jamaa kaweka tangazo jipya kwa laini nyingine. "D1105 turbo, farasi 70, imetoka Japani mwezi huu." Picha ni godauni lilelile, bluu ileile, na pembeni ya stendi kuna ndoo ya plastiki iliyopasuka ukingo niliyokuwa nimeiegemezea begi langu. Turbo ni ile ndogo kama chungwa. Aliyeko Dar na amepanga kwenda kuiona aniambie kabla hajatoka nyumbani, geji yangu namtumia kwa basi la usiku, asubuhi anayo.