Tenzi za Rohoni kando ya kitanda: kinamfaa vipi anayeuguza, na kinapungukiwa wapi

Anayemuuguza mzazi au mwenzi nyumbani hana nafasi ya kukaa na kitabu kinene cha faraja. Usingizi wake ni wa vipande vipande, mikono imelowa mara nyingi kuliko ilivyo mikavu, na akili iliyochoka haishiki ukurasa hata ukiusoma mara tatu. Kwa mtu wa hali hiyo, katika vitabu vya Kikristo vilivyopo kwa Kiswahili, Tenzi za Rohoni, kitabu cha nyimbo za kanisani, ndicho tunachokiweka mbele baada ya Biblia, kwa sababu sehemu kubwa ya kitabu hiki tayari imo kichwani mwake. Aliyekulia kanisani anazijua beti hizi tangu shule ya Jumapili, na zinakuja zenyewe hata macho yakiwa yamefumba. Hapa tunakipima kama kifaa cha chumba cha mgonjwa. Ibada ya Jumapili ni habari nyingine.

Toleo linalopatikana kwa wingi lina maneno matupu, bila nota, na ni dogo kiasi cha kuingia mfuko wa aproni. Bei yake si ya kumtisha mtu. Udhaifu wake uko kwenye umbo: pini za katikati hulegea, jalada huchanika likishikwa kwa mikono yenye maji, na herufi ni ndogo mno kwa kusomwa usiku kwa tochi ya simu. Kabla hujaanza kukitumia, kishone mgongoni kwa uzi imara na ukivike nailoni.

Kisha nakili nyimbo tano au sita kwenye karatasi ya manila kwa kalamu ya wino mzito, herufi zenye kimo cha sentimita 2 hivi. Ibandike ukutani upande wa miguu ya mgonjwa. Wengi hubandika juu ya kichwa chake, mahali ambapo wageni wanapaona na yeye hapaoni kamwe. Aliyelala chali huona dari na ukuta ulio mbele yake, basi.

Kwenye simu zipo programu nyingi za Tenzi, zimetengenezwa na watu mbalimbali, na ubora wake haulingani. Faida yake kubwa ni kutafuta wimbo kwa mstari wa kwanza, na kukuza maandishi. Hasara ni matangazo yanayojitokeza katikati ya ubeti, na makosa ya chapa yanayobadili maana. Linganisha nyimbo chache na kitabu kabla ya kuiamini. Usiku weka simu kwenye hali ya ndege, maana ujumbe mmoja wa kikundi cha familia unatosha kumwamsha mgonjwa uliyekuwa umemlaza kwa saa nzima.

Sasa nyimbo zenyewe. "Yesu kwetu ni rafiki" ndio wa kuanza nao. Maneno yake ya asili aliyaandika Joseph Scriven mwaka 1855, akiwa Kanada, kumtia moyo mama yake aliyekuwa mgonjwa Ireland. Ni wimbo wa mtoto asiyeweza kufika kitandani kwa mamaye, na ndiyo maana unawafaa sana ndugu walio mbali, walioko Muscat au Toronto, wanaotuma fedha za dawa na kubaki na uchungu wa kutokuwepo. Wapigie simu, iweke kwenye spika kando ya mto, waimbe wao. Beti tatu kwa mwendo wa utulivu huchukua dakika mbili na nusu hivi, na humpa aliye mbali kazi halisi badala ya kuuliza "anaendeleaje" kila siku.

"Usinipite Mwokozi" weka karibu na beseni. Ubeti mmoja na kiitikio, ukiimba bila haraka, unakaribia sekunde 40, na Shirika la Afya Duniani linashauri kunawa kwa maji na sabuni kwa sekunde 40 hadi 60. Nawa hivyo kabla ya kumlisha na baada ya kumsafisha. Unaomba na kunawa kwa pumzi ileile, wala huhitaji kutafuta saa ya maombi ambayo siku yako haina.

"Bwana u sehemu yangu" una matumizi ambayo watu wachache huyafikiria. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulala, na kazi hiyo huwaumiza mgongo wanaouguza kwa sababu wawili hawainui kwa wakati mmoja. Tandika shuka iliyokunjwa mara mbili chini yake, kuanzia mabega hadi mapaja. Kila mmoja ashike upande wake karibu kabisa na mwili, akunje magoti kidogo, kisha muimbe ubeti kwa sauti ndogo. Kiitikio kinapoingia, "Pamoja na wewe", inueni kwa neno la kwanza. Mgonjwa anajua ni lini atasogezwa, hashtuki wala hakazi misuli, na ngozi haiburuzwi juu ya godoro. Akishakaa ubavu, weka mto katikati ya magoti na mwingine nyuma ya mgongo.

Usiku ni wa "Kaa nami". Henry Francis Lyte aliuandika akikaribia kufa kwa kifua kikuu, mwaka 1847, na uzito huo unasikika. Hapo lazima kuwe na uangalifu. Nyimbo nyingi za kitabu hiki humalizia ubeti wa mwisho kwenye kifo au mlangoni pa mbinguni. Mgonjwa anayejua hali yake na aliyekwisha kuongea na watu wake hupata amani humo. Aliyefanyiwa upasuaji wiki iliyopita na anatarajia kupona atajiuliza mnamficha nini. Pita beti hizo kimya kimya, hakuna atakayekudai.

Na "Ni salama rohoni mwangu"? Wimbo mkubwa, lakini sauti yake inapanda juu, na aliyechoka hukatika sauti. Zaidi ya hapo, usimlazimishe mtu kuuimba siku ambayo rohoni mwake si salama. Siku hiyo mpe "Hivi nilivyo". Charlotte Elliott aliyeuandika alikuwa mgonjwa wa muda mrefu, akijiona hana faida kwa kazi ya Mungu iliyokuwa ikiendelea nyumbani kwao, na maneno yake yanampokea mtu na uchovu wake bila kumtaka kwanza ajitengeneze.

Kuhusu mgonjwa mwenyewe: aliyepata kiharusi na kupoteza maneno mara nyingine huweza kuimba mistari asiyoweza kuitamka, kwa hiyo mwanzishie na umwachie neno la mwisho la mstari. Aliyepoteza kumbukumbu hutulia kwa wimbo wa utotoni hata kama jina lako limemtoka, na wakati mzuri ni kabla ya kumwogesha, usisubiri hadi aanze kukataa. Mwenye shida ya kupumua asiombwe kuimba. Wewe imba kwa mdomo uliofungwa, yeye asikilize. Chakula kikiwa kinywani hakuna kuimba hata neno moja, maana tonge hukosea njia.

Upungufu mkubwa wa Tenzi ni huu: kitabu kimejaa tumaini na kujitoa, lakini malalamiko ni machache. Anayeuguza ana hasira. Amechoka na ndugu wasiofika, anaogopa kwamba amechoka na mgonjwa pia, halafu anajihukumu kuwa imani yake ni ndogo. Kwa saa hiyo lazima ufungue Zaburi. Zaburi ya 13 ina mistari 6 tu, na mara nne inamuuliza Mungu "hata lini". Zaburi ya 88 inaisha gizani, haina mstari wa kufuta machozi, na bado imo kwenye Maandiko. Soma pia 1 Wafalme 19, Eliya anapoomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimletea mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale, akarudi mara ya pili akamwambia ale tena, na ndipo safari ya siku 40 hadi Horebu ikaanza. Anayeuguza akiambiwa "omba zaidi" na mtu ambaye hajamletea hata uji, amepewa nusu ya huduma.

Hilo linatufikisha kwa wageni wa jumuiya ya kanisa, ambao ndio huigeuza Tenzi kuwa mzigo. Watu kumi na wawili chumba kimoja, sauti nne, nyimbo sita, mahubiri, na mgonjwa anatoka jasho. Mwombe kiongozi mapema, kwa heshima, na bila kuona haya: "Mzee, tutaimba nyimbo mbili kwa sauti ya chini, tusome Zaburi moja, tuombe, tumalize ndani ya robo saa." Halafu ongeza ombi la pili, ambalo lina faida kuliko la kwanza: wawili wabaki saa mbili na mgonjwa, wewe ukaoge na kulala. Waachie maelekezo ya maandishi juu ya meza, yaani saa ya dawa, upande aliolalia, na saa ya kumgeuza tena. Wengi wanataka kusaidia na hawajui washike wapi.

Ukienda kununua, fungua kitabu katikati dukani uone kama pini zimeshika kurasa zote na kama wino umekolea. Ukipata toleo lenye herufi kubwa, lichukue hata kama ni nene zaidi. Usitegemee namba za nyimbo unapopanga na wageni: Mlutheri atakuja na Mwimbieni Bwana, Mwadventista na Nyimbo za Kristo, na namba hazilingani. Tajeni mstari wa kwanza. Nunua nakala mbili, moja ibaki chumbani kwa mgonjwa, ya pili mpe yule atakayekuja kukupokea zamu.