Kikapu cha kupikia: jioni bila kukimbizana na jiko

Kwa familia yenye watoto wa shule hapa Mbeya, kuanzia saa kumi na moja hadi saa moja jioni ni purukushani tupu: madaftari, kuoga, na maharage yasiyotaka kuiva. Mji uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 tu, ndiyo maana maharage yanachelewa. Kikapu hiki kilichotandikwa kigodoro, chenye mto wa kufunikia, kinatunza joto la sufuria iliyokwisha kuchemka ili chakula kiendelee kuiva bila moto, nacho kinakutoa jikoni ukae na mtoto hadi amalize hesabu zake. Kwa hilo pekee kinastahili bei yake.

Loweka nusu kilo ya maharage usiku kucha, mwaga maji hayo. Chemsha kwa nguvu dakika 30, sufuria ikiwa imejaa robo tatu, kisha ipua na uitumbukize kikapuni papo hapo, mfuniko ukiwa umebana. Baada ya saa nne au tano punje inaminyika kwa vidole. Hatua ya kuchemsha usiiruke: maharage mekundu yasipochemka sawasawa huumiza tumbo.

Kasoro yake ni nafasi. Sufuria ndogo inapwaya na joto linapotea. Shindilia kanga kuukuu pembeni. Watoto nao hupenda kufunua wachungulie, na kila kufunua kunarudisha kazi nyuma. Kigodoro kikilowa kianike, la sivyo kinavunda. Chakula kisilale humo, kitachacha.

Ukienda kununua, beba sufuria yako uipime humo.