Alfa lipoiki asidi kwa miguu inayowaka moto: uzoefu wangu

Nina kisukari aina ya pili, na kinachonitesa kuliko vyote ni miguu. Mchana navumilia. Usiku nyayo zinawaka moto na vidole vinachomachoma, hata shuka likinigusa nashtuka. Daktari alinieleza kuwa sukari imeharibu neva, akaniandikia amitriptilini, dawa ya kutuliza maumivu ya neva. Usingizi nilipata, ila niliamka na kichwa kizito na mdomo mkavu.

Tukakubaliana nijaribu alfa lipoiki asidi, antioksidanti (kitu kinachosaidia kukinga seli zisiharibiwe) ambayo Ujerumani imetumika miaka mingi kwa tatizo hili. Nameza miligramu 600 asubuhi, nusu saa kabla ya chai, kwa sababu chakula hupunguza kiasi kinachoingia mwilini. Mwanzoni niliambulia kichefuchefu tu. Wiki zilivyosogea moto ukapoa, si wote, lakini sasa nalala nimejifunika mpaka miguuni. Ganzi iko palepale, kwa hiyo bado nakagua nyayo kila jioni, maana kidonda nisichokisikia ndicho ninachokiogopa.

Msishawishike kuongeza dozi. Utafiti wa SYDNEY 2 wa mwaka 2006 ulijaribu miligramu 600, 1200 na 1800 kwa wiki 5: nafuu haikupishana sana, kichefuchefu ndicho kilichozidi. Tena mapitio ya mwaka 2024 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliona kwamba baada ya miezi 6 huenda kidonge hiki hakina tofauti kubwa na kidonge kisicho na dawa. Mimi katika kipindi hichohicho nimepunguza ugali na sukari yangu imeshuka, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba nafuu yote imetoka kwenye chupa.

Na mnaotumia metformini, dawa ya kushusha sukari, tafadhali, kabla ya kutoa hela ombeni kipimo cha vitamini B12. Metformini ikitumika miaka mingi huweza kuishusha, na upungufu wake huleta ganzi na maumivu yaleyale. Huo una tiba yake, na hakuna antioksidanti itakayoziba pengo hilo. Yangu ilikuwa sawa. Anayechoma insulini naye amwambie daktari wake kwanza, kwani kidonge hiki kinaweza kushusha sukari zaidi.

Bei ndiyo inayoniumiza: chupa moja inazidi dawa zangu nyingine zote za mwezi. Niliyo nayo ikiisha, nitasimama kwa muda nione kama moto utarudi. Ukirudi, nitanunua tena.